Bibi, ua lako nimelikuta dirishani Hannover

Hannover, Ujerumani, Jumapili, 9 Novemba 2025

Shikamoo Mama, shikamoo Baba. Bibi, shikamoo mara mbili: moja ya leo, moja ya miezi yote niliyokaa bila kuandika. Wadogo zangu hamjambo? Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu tu huko Muheza. Kaka amenitumia picha ya michungwa ya nyuma ya nyumba, imezaa mpaka mmeegemeza matawi kwa miti. Nimeitazama picha hiyo muda mrefu.

Leo maduka yote yamefungwa, ndiyo maana nimepata nafasi. Jumapili yangu ya kwanza hapa, mwaka jana, nilitoka na mfuko kwenda kununua chumvi, nikakuta milango imefungwa mtaa mzima na watu hakuna. Nikajua kuna msiba wa taifa. Nikarudi chumbani nikawasha redio nisikie nani amefariki. Kumbe ni Jumapili tu, na sheria yao inataka hivyo. Sasa kila Jumamosi jioni nakagua kabati langu kama Mama anavyokagua stoo siku moja kabla ya Idi.

Mama, umeniuliza mara nyingi naishije na watu wa huku. Kwenye simu nikianza kusimulia tunacheka wote, mtandao unakatika kabla sijafika mwisho. Kwa hiyo naandika, na Baba atawasomea jioni mkishakula.

Nianze na neno letu dogo kuliko yote: "na". Katika nyumba ya wazee ninakojifunza uuguzi, watu wakikutana asubuhi husema "Na?", halafu wananyamaza na kukutazama. Wiki ya kwanza dada mmoja wa zamu aliniambia "Na?" nami nikasimama kusubiri neno linalofuata. Na nini? Na nani? Yeye anangoja, mimi nangoja, tumezibiana mlango kama watu wawili waliokutana katikati ya daraja la gogo. Mwishowe akaniuliza kama naumwa. Kumbe kwao "Na?" ni salamu kamili, maana yake vipi hali, na unaweza kuijibu kwa "Na?" hiyo hiyo. Bibi, salamu zako huanza kwenye usingizi, zikapita kwa watoto, kwa kuku na kwa majirani, ndipo mtu aulizwe kilichomleta. Huku nimekuta salamu nzima imeingia katika herufi mbili. Nimeipenda. Siku hizi naisema mimi wa kwanza.

La pili ni "pole". Kijerumani hakina neno hili, na sijui niwaelezeje linavyonikosesha raha, maana siku nzima nawaona watu wanajikwaa, wanachoka, wanapiga chafya, na mdomo wangu unataka kusema kitu. Mwezi wa pili mwenzangu mmoja, mwanamume mrefu, alikuwa anasukuma kitanda cha magurudumu akajigonga ugoko kwenye chuma. Likanitoka lenyewe: "Pole! Pole sana!" Akainuka, bado ameshika mguu, akanitazama kwa mshangao, akasema ndiyo, mimi ni wa Kraków, wewe umejuaje? Kwa Kijerumani "Pole" ni mwanamume wa Polandi, na wanalitamka karibu sawa na tunavyolitamka sisi. Nilipomweleza maana ya kwetu alikaa chini kwenye kile kitanda akacheka mpaka muuguzi mkuu akaja kuangalia. Tangu siku hiyo yeye ndiye mtu pekee Hannover anayeniambia pole nikichoka. Analisema kwa uzito wote, nami najibu "asante, nimeshapoa".

Mama, kile kitambaa ulichonidarizia neno KARIBU nilikitundika nje ya mlango wangu siku nilipohamia jengo hili. Ghorofa ya juu anakaa mtoto wa miaka saba. Alikuwa akishuka ngazi anasimama, anakisoma, anatazama pande zote, anaendelea. Siku moja akajipa moyo akagonga. "Karibu yuko wapi?" Nikamwambia karibu, ingia. Akasema hapana, anataka kumwona karibu. Ikabidi nimwite mama yake atusaidie. Kumbe kwa Kijerumani "Karibu" ni yule mnyama wa Kanada mwenye pembe kama matawi, anayeishi kwenye theluji, na mtoto wa watu alikuwa anajiuliza wiki nzima ninamfugia wapi kwenye chumba kimoja. Nilimkatia keki, akala, akaondoka ameridhika kidogo. Kesho yake asubuhi nikakuta amebandika chini ya kitambaa chako picha aliyoichora mwenyewe: mnyama mwenye pembe kubwa, miguu mitano, anatabasamu. Sijaitoa na sitaitoa.

Sasa Bibi, sogea karibu na Baba usikie vizuri, hii ni yako.

Mlango unaotazamana na wangu anakaa mama mmoja wa miaka 84, peke yake. Nilipohamia nilihangaika nimwamkieje. Shikamoo haina mwenzake kwa Kijerumani, nimeitafuta sijaipata. Nikachukua neno "Oma", yaani bibi, nikamwambia kwa adabu zote mlizonifundisha, nimeinama kidogo: habari za asubuhi, Oma. Akasimama kimya. Halafu akasema taratibu, ili nielewe, kwamba yeye hana mjukuu na jina lake limeandikwa kwenye kengele.

Nilijua nimemuumiza ila sikujua nimemgusa wapi. Mwalimu wetu wa lugha ndiye aliyenieleza. Hapa mtu mzima asiye wa ukoo wako unamwita kwa jina la ukoo, na hata "wewe" yao wana mbili, moja ya watu wa nyumbani na moja ya heshima. Kumwita Oma mtu ambaye si bibi yako ni kama kumwambia amezeeka sana. Jambo ambalo kwetu ni kumpandisha mtu kwenye kiti, kwao ni kumshusha! Jioni ile nikagonga mlango wake, nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba nyumbani neno hilo ni cheo, na kwamba mimi mwenyewe nina Bibi ninayemkumbuka sana. Akauliza nyumbani ni wapi. Nikasema Tanzania. Akatikisa kichwa, akanialika kahawa Jumapili ya wiki inayofuata, "halb vier".

"Vier" ni nne na "halb" ni nusu. Saa nne yao ya mchana ni saa kumi yetu, nikaongeza nusu, nikapata saa kumi na nusu. Siku yenyewe nilikuwa natoka zamu, ni Januari, barafu imetanda njiani, nikatembea kwa uangalifu nikafika kwa dakika ile ile. Nikamkuta amevaa koti na viatu vya kutokea, fimbo mkononi. Alikuwa anataka kwenda kunitafuta kituoni akidhani nimeteleza nikavunjika mguu. Maana Wajerumani hawahesabu nusu iliyopita baada ya saa, wanahesabu nusu ya saa inayokuja. "Halb vier" ni katikati ya safari ya kwenda nne, yaani saa tisa na nusu yetu. Alikuwa amenisubiri saa nzima.

Nikamchorea saa kwenye karatasi, nikamwonyesha kwamba sisi saa moja ya asubuhi ni ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza, wakati saa yake inasoma saba. Aliutazama mchoro, akasema: "Basi kwenu siku inaanza siku inapoanza." Nilitamani mngekuwepo mmsikie. Tangu hapo akinialika hunitajia saa mbili, ya kwake kwanza, halafu ya kwetu, na "saa tisa na nusu" anaitamka vizuri kuliko vijana wengi ninaosoma nao.

Basi alipokuwa jikoni anajaza kahawa kwenye chupa upya, mimi nikatazama dirishani. Kulikuwa na vyungu vitano vidogo vimepangwa, maua ya zambarau, majani mviringo yenye vinyweleo laini. Bibi, moyo ulinipiga. Yalikuwa maua yale ya kwenye miamba yenye kivuli juu ya kijito, ulikonipitisha njia ya Amani nikiwa darasa la nne, ukanikataza kuyachuma. Nikamuuliza haya yanaitwaje. Akasema "Usambaraveilchen". Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwambia: Usambara ni kwetu.

Alidhani sijamsikia vizuri, akanitajia tena herufi kwa herufi. Miaka yote aliyoyamwagilia maua haya hakuwahi kujua kwamba Usambara ni mahali, kwamba ni milima, kwamba watu wanazaliwa huko na wanapanda basi. Kwake lilikuwa jina la ua tu. Nikafungua ramani kwenye simu nikamwonyesha Tanga, Muheza, nikapanda na kidole mpaka Amani. Akaenda kuchukua miwani. Tulikaa pale mpaka giza likaingia na keki hatukuimaliza.

Mwezi wa tano akanipeleka Herrenhausen, hapa hapa Hannover, kwenye bustani iitwayo Berggarten, ndipo nikaelewa kwa nini ua hili limezagaa kwenye madirisha ya wazee. Enzi za Wajerumani kulikuwa na mkuu wa wilaya huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alimtumia baba yake Ujerumani ua hili, na mwaka 1893 mtaalamu wa bustani hiyo ya Herrenhausen, Hermann Wendland, akaliandika kwenye vitabu kwa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia ile. Vitabu vinasema Bwana Walter aliligundua. Hapo sikubaliani navyo, Bibi, nami nilimwambia mwenyeji wangu hivyo waziwazi, kwamba mama zako walikuwa wakichota maji chini ya maua hayo kabla meli yake haijatia nanga. Alikubali. Ninachofurahia ni kwamba watu wa kawaida wa huku, wauza maua na akina mama wa madirishani, waliacha jina la bwana mkubwa kwa wataalamu, wao wakashika jina la milima.

Tulikaa kwenye benchi pale bustanini kupumzisha miguu yake. Akanipa mkono, akanitajia jina lake la kwanza, akasema kuanzia leo tuambiane "du", yaani ile "wewe" ya nyumbani. Huku mkubwa ndiye anayeitoa, mdogo haiombi. Kisha akaongeza, akitazama pembeni, kwamba kama bado nalitaka lile neno la siku ya kwanza, naweza kulitumia. Kwa hiyo Bibi, una mwenzako Hannover. Anakusalimu, na anauliza unayamwagilia maji mara ngapi. Nilipomjibu kwamba hayamwagiliwi, yapo msituni tu, alikaa kimya kidogo.

Baba, na wewe nisikusahau. Mlango wa jengo tunalosomea umeandikwa "Schule", na siku ya kwanza niliusoma kwa sauti nikasikia sauti yako ukituamsha: shule, shule! Ni neno moja, tumelichukua kwao. Na "hela" ni Heller yao, sarafu ndogo ya utawala wa Kijerumani kwetu. Kuanzia 1904 rupia moja ilikuwa Heller 100. Nilipomwambia Oma kwamba hela bado tunaitumia kila siku sokoni alishangaa, maana wao wenyewe sarafu hiyo walishaiacha zamani. Halafu kuna hela nyingine nilizokuwa nazitupa. Chupa ya plastiki ya maji, ile ya kutumia mara moja, ukiinunua huku umelipia senti 25 za Euro za chupa yenyewe, ukiirudisha kwenye mashine ya dukani unarudishiwa. Nilizitupa miezi miwili. Mtoto wa ghorofa ya juu ndiye aliyenikamata mkono jalalani.

Kabla sijasahau: wao husogeza saa. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wameirudisha nyuma saa moja, kwa hiyo sasa mmenitangulia saa mbili, si moja. Mkinipigia saa tatu usiku huko, huku ni saa moja na nimeshatoka kazini. Kaka amepiga mara mbili wiki hii nikiwa bado namvisha mtu soksi. Mwambieni asikasirike.

Bibi, Oma amenikatia jani moja la lile ua akaniambia nilitie kwenye glasi ya maji dirishani kwangu. Nilidhani jani haliwezi kuwa mche. Leo asubuhi nimelinyanyua nikaona mizizi miwili, myembamba kama nywele. Anataka kuandika jina la ua kwenye kijiti tutakachochomeka kwenye chungu, na hataki Kijerumani, anataka lile mnaloliita ninyi kwa Kisambaa. Mimi sikuwahi kukuuliza siku ile njia ya Amani, nilikuwa nimenuna kwa sababu ulinikataza kuchuma. Mwambie Kaka aniandikie, na aandike herufi zote vizuri, maana Oma atalisoma kama lilivyo.

Nawasalimu wote, na mama wa nyumba ya pili.

Mwanenu