Malalamiko Kuhusu Safari Yenu ya "Siku ya Familia" Matema

Uyole, Mbeya
15 Julai 2025

Kwa Meneja,
Ofisi ya Safari za Ndani,
Mbeya Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA MATEMA, ZIWA NYASA, JUMAMOSI TAREHE 12 JULAI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe nimeitafuta tangu Jumapili. Tulikuwa watu watano: mimi, baba watoto, mama mkwe wangu, kijana wangu wa miaka minane na mdogo wake wa kike wa miaka minne. Jina langu liko kwenye stakabadhi. Simu yangu mnayo, maana ndiyo mliyokuwa mnaipigia asubuhi na jioni kabla sijalipa. Masharti ya safari mliyaandika wenyewe, sina sababu ya kuwasomea.

Naanza na choo. Najua habari ya safari huanzia asubuhi, lakini hili nikiliweka mwisho sitalifikia nikiwa bado na adabu.

Tulipomaliza kula mchana, binti yangu akaniambia, "Mama, mkojo." Mtoto wa miaka minne akisema hivyo haombi ruhusa, anatoa taarifa. Nikamshika mkono tukaenda kwenye vyoo vya ile hoteli mliyotushushia. Mlango una kufuli. Mhudumu akaniambia ufunguo ni wa wageni wa vyumbani. Waliokuja kushinda tu, kampuni yao haikulipia choo. Nikarudi mbio mchangani kwa kijana wenu mwenye fulana ya njano, aliyekuwa amekaa chini ya mwembe na sahani ya samaki, mbasa. Nikamweleza. Hakunyanyuka. Akatoa mwiba mdomoni, akanyoosha mkono kuelekea majini, akasema, "Mama, ziwa lote lile! Si akakojoe humo." Wenzake wakacheka. Mwanangu akawatazama wanaocheka, akanitazama mimi, na pale pale akajikojolea.

Sasa turudi Kabwe, pale Mbeya mlipotupakilia. Mlisema saa kumi na mbili asubuhi. Coaster imefika saa mbili na nusu, na baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Tunaingia, tunaonyeshwa viti vitatu. Viti vya watoto viko wapi? "Watoto wanapakatwa." Kila mtoto nilimlipia shilingi 40,000. Kijana wa miaka minane amepakatwa na baba yake kutoka Kabwe hadi Matema, na anayezijua kona za kushuka Tukuyu kwenda Kyela ataelewa kwa nini mume wangu alishuka anachechemea.

Daraja la Mungu hatukuliona. Ndilo mliloliweka juu kabisa ya tangazo lenu, ule mwamba na Mto Kiwira ukipita chini yake, na kijana wangu alikuwa ameshawatangazia darasa zima. Tukaambiwa tumechelewa. Tumechelewa kwa sababu ya nani? Gari hilohilo lililokosa nafasi ya kuingia Daraja la Mungu lilipata nafasi ya kusimama Kiwira dereva achague mikungu ya ndizi, tena kwa kupatana bei taratibu.

Chakula sitakisema sana. Wali wa Kyela na mbasa, mpishi anajua kazi yake. Ila sahani zilikuja tatu, na tulipouliza za watoto tukajibiwa, "Watoto watakula na mama zao." Yaani kwenye kulipa mtoto anahesabiwa, kwenye kiti hahesabiwi, kwenye sahani hahesabiwi. Na kwenye boya.

Kwenda Ikombe kwa boti mlitutoza pembeni, shilingi 15,000 kwa kila kichwa, jumla 75,000. Maboya ya kuvaa yalikuwa ya watu wazima matupu. Yule yule wa fulana ya njano akamvalisha binti yangu moja, likamfika magotini. Zipu imekufa, akazungusha kamba ya katani kiunoni akafunga fundo, akasema, "Tayari." Mtoto wa hivyo akitumbukia, boya linabaki juu ya maji na yeye anachomoka chini. Na upande ule wa Ikombe hakuna ufukwe mrefu wa kukimbilia, Milima ya Livingstone inashuka na kuingia ziwani. Hili ni ziwa ambalo kina chake sehemu nyingine kinafika karibu mita 700. Upepo nao ulikuwa umeshaanza kuvuma kutoka kusini, wavuvi wenyewe wanavuta mitumbwi yao juu. Nchi hii imezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, halafu mimi niambiwe "tayari" kwa kamba ya katani?

Nikakataa. Nikaomba hela ya boti. "Hela hairudi, mama. Mmekataa wenyewe." Baba watoto alitaka kusogea karibu zaidi kuliko inavyofaa, mama yake akamvuta shati. Boti ikaondoka kwenda kwa wafinyanzi wa Kikisi tuliowalipia, sisi tukaisindikiza kwa macho. Vyungu tulikuja kuviona Lyulilo, kwa miguu yetu, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya gulio. Mama mkwe akanunua kimoja. Kurudi nacho akakipakata, kama watoto.

Mtasema hili la boti ndilo kubwa. Kwa TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, ni kubwa, na nitafika huko. Kwangu mimi kubwa ni lile la choo, na nalirudia kwa sababu ninyi hamkuwepo na yeye hakuwaeleza.

Mtoto amesimama mbele ya watu wazima wasiopungua sita. Amevaa gauni jeupe la sikukuu, alilichagua mwenyewe tangu usiku, na soksi fupi zenye kishada. Ameibana miguu. Mimi nasema kwa sauti ya chini, "Kaka yangu, naomba unisaidie ufunguo, mtoto amebanwa." Namwita kaka, mtu niliyemzidi umri! Yeye ana mbasa mkononi. Ananijibu kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mitumbwi, "Ziwa lote lile!" Ziwa ambalo hatua chache kutoka pale wanawake wa Matema walikuwa wanachota maji kwa ndoo. Ziwa ambalo yeye mwenyewe alikuwa amenawia mikono kabla ya kula. Wakacheka, na mmoja akarudia yale maneno ili wacheke tena. Mkojo ukashuka kwenye soksi. Mwanangu hakulia. Aliweka viganja viwili mbele ya gauni, akajaribu kuziba. Nikamwomba huyo bwana namba ya mkubwa wake. Akasema, "Kama una malalamiko, andika barua."

Ndiyo hii.

Nguo za kubadilisha zilikuwa kwenye begi, begi liko kwenye Coaster, na Coaster haipo. Imekwenda Ipinda kupakia mchele. Aliyetustiri ni bibi mmoja wa pale kijijini aliyekuwa anauza usipa. Alivua khanga yake ya juu bila kuulizwa kitu, akamfunga mtoto, akatupeleka kwake nyuma ya michikichi, tukapata choo na ndoo ya maji. Nilipotoa hela akanigombeza kwa Kinyakyusa. Mtoto ameshinda na khanga ya watu hadi gari liliporudi saa kumi na moja jioni.

Limerudi na magunia ya mchele yamejaa njia ya katikati. Abiria tumeyapanda kwa magoti kufika kwenye viti vyetu. Dirisha la upande wetu halifungi, lilikuwa halifungi tangu asubuhi. Tumetoka kwenye joto la ziwani tumefika Isongole usiku, upepo unaingia kichwani kwa watoto, na nilipoomba angalau tuhamie mbele nikaambiwa kiti cha mbele kimekaliwa. Kimekaliwa na ndizi. Jumapili binti yangu ameamka na homa na kifua.

Nilipokaa kuandika nilikusudia kudai shilingi 155,000: ile 75,000 ya boti ambayo hatukuipanda, na 80,000 ya watoto wawili ambao hamkuwapa kiti, sahani, boya wala choo. Sasa nimeandika yote na nimeyasoma upya. Haitoshi. Nadai shilingi 380,000, yaani kila senti niliyowapa, pamoja na gharama za zahanati ambazo risiti zake ninazo.

Pili, nataka barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa jina la binti yangu. Atasomewa.

Tatu, kijana wa fulana ya njano. Mwanzoni sikutaka aguswe, nilifikiri ni utoto na kwamba mkimkalisha chini atajirekebisha. Nimebadilisha mawazo. Aje Uyole na mkubwa wake, aseme mbele ya mama mkwe wangu maneno yale yale aliyoyasema ziwani, kwa sauti ile ile, kisha aombe msamaha. Akishindwa, asipewe tena familia yenye mtoto mdogo, na mnithibitishie hilo kwa maandishi.

Nawapa siku saba tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, la boya na kamba ya katani nalipeleka TASAC, na picha ninayo, fundo linaonekana vizuri. La magunia kwenye njia ya abiria na watoto kupakatwa hali wamelipiwa nalipeleka LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. La tangazo la Daraja la Mungu na "huduma kamili kwa watoto" nalipeleka Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tangazo lenu nimelihifadhi kabla hamjalifuta.

Jambo jingine dogo. Kwa hizo shilingi 380,000 nilipewa stakabadhi ya kuandikwa kwa kalamu, siyo risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ofisi ya TRA naipita kila siku nikienda kazini.

Wako katika kungoja majibu,

Mteja
(jina na sahihi kama kwenye stakabadhi yenu)

Nakala: TASAC, LATRA, Tume ya Ushindani, TRA Mbeya – ziko tayari kwenye bahasha, hazijatumwa.