Shoga, kisutu kimegeuka rangi

Shoga yangu wa moyoni,

Salama huko Dar? Sie huku Tanga wazima, mvua imepiga juzi Ngamiani yote matope. Nakuandikia maana kuna kitu kimenikaa rohoni na wewe ndo tunaongeaga habari za kamera mpaka usiku wa manane.

Unaikumbuka ile harusi niliyoshuti Chumbageni? Nikaeditia siku tatu nzima nikaibandika ile rangi ya kimuvi, vivuli vyote vinaenda bluu ya kijani, sura zote zinaenda chungwa, mi naona imekaa poa kabisa nikawapelekea. Bibi yake bi harusi akasogea mpaka kwenye TV akauliza, "Kisutu chake kiko wapi?" Na kisutu, ile kanga ya bi harusi, kimo hapohapo mabegani kwa mjukuu wake, ila nyekundu imekuwa kama kutu, nyeupe imekuwa manjano, nyeusi ndo imeingia ubluu. Halafu piko aliyokaa masaa anachorwa haionekani, maana lenzi niliifungua yote, kope ziko kali ila mikono yote ukungu. Bibi hata hakugomba. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Tangu siku hiyo muvi naziangalia kwa jicho jingine. Hiyo rangi ina sababu yake, ngozi ya mtu, awe mweusi kama sisi au mzungu, iko upande wa chungwa, na kwenye duara la rangi inatazamana na hiyo bluu ya kijani, kwa hiyo ukizikutanisha sura inachomoza. Sawa. Hata mpiga picha Roger Deakins na wenzake kwenye filamu ya O Brother, Where Art Thou? ya mwaka 2000 walipiga picha Mississippi majani yamestawi kijani kibichi, wakaiingiza filamu yote kwenye kompyuta wakayafanya majani makavu ya dhahabu, lakini wale hadithi yao ni ya miaka ya 1930 na walitaka nchi ionekane ya vumbi. Sasa hivi mtu anabandika tu, awe jangwani, awe sokoni, awe baharini, yote rangi moja. Bahari yetu hapa Raskazone asubuhi ina rangi zake kabisa, kwa nini niifunike?

Kutikisa kamera nako mh. Kwenye filamu ya The Bourne Supremacy ya 2004 walitikisa na kukata harakaharaka uhisi umo ndani ya ugomvi, walioiga wametuachia ngumi ambazo hujui nani kampiga nani. Na giza! Ile vita ya usiku ya tamthilia ya Game of Thrones 2019 tuliiangalia sebuleni kwa laptopu mpaka tukazima taa na kufunga mapazia na bado tunaulizana huyu nani, halafu mpiga picha wake akasema shida ni watu hawajui kuseti TV zao. Hapana shoga, iliniuma ile. Mtu anaangalia kwa kile alichonacho, mwingine kwa simu, mwingine bandani dirisha limezibwa na gunia, na hao wote ndo watazamaji wetu, picha iwafikie walipo.

Basi nimeifungua upya ile harusi. Jana nimeenda kwa bibi nikaazima kisutu chenyewe, nimekitandika pembeni ya laptopu karibu na dirisha, narudisha nyekundu kidogokidogo mpaka zifanane, nyeupe imeshakubali. Nyeusi bado inanisumbua, nikiigusa sura ya bi harusi inapauka. Mikono ndo siwezi kuirudisha, ukungu wa lenzi hautoki, ila shangazi mmoja ana klipu ya simu aliyopiga wakati wa kuchorwa, iko wazi kila ua la piko linahesabika, hiyo naichomeka palepale.

Ukipata nafasi panda basi uje wikiendi, ulale kwangu, uniangalizie hiyo nyeusi. Na uje na diski yako, yangu imejaa.

Ni mie shoga yako,
Tanga