Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliopanda Mlimani

Ndugu wanachama, wasindikaji na watengenezaji wadogo,

Nianze na fedha ili tusikae nazo. Taarifa ya mhazini mmekwisha kuipata, hesabu zimekaguliwa, na wenye madeni ya ada wanajijua.

Kazi yetu kubwa mwaka huu ilikuwa kutafuta ukaribu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani. Baadhi yenu mlipinga, mkasema Mlimani ni kwa wenye majoho, msindikaji wa Mbagala atauliza nini kule? Niwakumbushe Erasto Mpemba. Alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari Iringa alipomuuliza Profesa Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo hichohicho, kwa nini maji ya moto yaliwahi kuganda kuliko ya baridi. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam, akapima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Basi nasi tukaenda chuoni hapo kwenye maonesho ya Wiki ya Utafiti na Ubunifu, tukauliza.

Kilichotukalisha muda mrefu ni ganda la korosho. Sisi tunalijua kama taka, tena taka yenye mafuta yanayobabua mikono ya wabanguaji. Wanakemia wa Mlimani wameyachunguza mafuta hayo kwa miaka mingi. Ndani yake mna kemikali iitwayo kadanoli, inayoweza kushika nafasi ya kemikali zitokanazo na petroli katika gundi, vanishi na rangi. Mwenzetu anayetengeneza samani Keko alikuwa na maswali mpaka wenyeji wetu wakaanza kukunja meza.

Ila sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda linapanda meli pamoja nayo. Kwa hiyo sikubaliani na msemaji wa kikao kilichopita kwamba tafiti zinalala kabatini kwa uvivu wa maprofesa. Kiwanda cha gundi hiyo kinataka ganda kwa tani, na ganda hupatikana pale tu korosho inapobanguliwa. Tazameni mwani: Profesa Keto Mshigeni wa chuo hichohicho aliutafiti tangu miaka ya 1970, na kilimo cha biashara kikaanza Zanzibar mwaka 1989. Kule bahari ipo mlangoni na wanunuzi walikuwa wanausubiri. Leo wengi wa wakulima wake ni wanawake.

Kamati imeamua tuanze kidogo, kwa kuzungumza na wabanguaji wadogo wa hapa mjini watukusanyie maganda badala ya kuyachoma.

Kuhusu hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, naomba tuelewane. Asiwepo mwanachama wa kuonesha uvumbuzi wake kwenye maonesho, wala kuurusha kwenye kundi la WhatsApp, kabla hajawasilisha ombi BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Kitu kilichokwisha kuanikwa hadharani kinaweza kukataliwa kwa kuwa si kipya tena. Na anayepeleka sampuli maabara ya chuo aandikiane nao kwanza nani atamiliki matokeo. Maneno ya kupeana mkono hayatoshi, hata kama mtafiti ni shemeji yako.

Semina ya vifungashio haikufanyika, tulikosa ukumbi wa bei yetu.

Uchaguzi wa kamati utafanyika kwenye mkutano mkuu huu. Mimi sigombei tena. Fomu ziko kwa katibu, na aliyelipa ada ndiye atakayepewa.

Mwenyekiti