Risala ya Wataalamu wa Usingizi na Ganzi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usingizi na Ganzi Duniani, Dodoma

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa mkoa na wilaya, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua jinsi ratiba zinavyobana hapa makao makuu ya nchi, na kufika kwako ni heshima kubwa kwetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha akaondolewa uvimbe shingoni. Mwaka 1898 August Bier wa Ujerumani akaleta ganzi ya mgongo. Historia ni ndefu, tuishie hapo.

Mafanikio yetu ni makubwa. Kila mgonjwa anavishwa kidoleni oksimita, kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, tangu anapoingia theta, yaani chumba cha upasuaji, mpaka anapozinduka. Mofini inakaa kwenye kabati la kufuli mbili. Wodini maumivu yanapimwa kwa alama 0 hadi 10, na parasetamo gramu 1 inatolewa kila saa 6 kwa ratiba, bila kusubiri mgonjwa alie.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja: altrasaundi ya kuwekea ganzi.

Ganzi ya mgongo anayochomwa mama anayejifungua kwa upasuaji huisha baada ya saa 2 hadi 3. Aliyeingia theta jioni, maumivu yanamkuta wodini usiku. Anapumua juujuu, anaogopa kukohoa na kuinuka, na hapo ndipo nimonia na damu kuganda miguuni vinapopata nafasi. Dawa ya hali hiyo inajulikana: ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo, kati ya msuli wa pili na wa tatu, mililita 15 za bupivakaini, dawa ya ganzi, ya asilimia 0.25 kila upande. Jumla ni miligramu 75. Kwa mama wa kilo 50 kikomo ni miligramu 100. Nafuu yake hufika saa 6 hadi 12.

Bila altrasaundi, sindano inaongozwa kwa kuhisi tu. Isipofika, dawa inaishia msulini na mama hapati kitu. Ikipita, inaweza kutoboa utumbo. Ikiingia kwenye mshipa wa damu, bupivakaini inaleta degedege na inaweza kusimamisha moyo.

Huwa tunajibiwa kwamba altrasaundi ya wajawazito ipo. Ile probu yake, yaani kile kishikio kinachopitishwa juu ya ngozi, imepinda, ni ya kuona kina kirefu. Mishipa ya fahamu iliyo sentimita 2 au 3 chini ya ngozi inataka probu bapa ya mawimbi ya masafa ya juu. Mashine hiyohiyo ingemsaidia kijana wa bodaboda aliyevunjika paja: akiwekewa ganzi kwenye kinena, anaweza kukaa achomwe ya mgongo bila kupiga mayowe.

Tunaomba mashine 1 ya kubebeka, yenye probu bapa, betri ya kudumu angalau saa 1 umeme ukikatika, na kifuniko cha kuikinga na vumbi letu la kiangazi. Pamoja nayo, sindano za milimita 80 zenye ncha butu, na chupa 2 za mafuta ya mshipani ya asilimia 20 ya kumwokoa aliyezidiwa na ganzi. Dozi ya kwanza ni mililita 1.5 kwa kilo, hivyo mama wa kilo 50 anahitaji mililita 75 papo hapo. Mafuta hayo yaje siku moja na mashine, yasije baadaye.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi hili si jipya. Lilisomwa mwaka juzi, mgeni rasmi akaahidi kulitimiza kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Lilisomwa tena mwaka jana, tukaambiwa linafanyiwa kazi. Barua tatu za kukumbusha hazijajibiwa. Nakala zake zimo kwenye bahasha tunayokukabidhi pamoja na risala hii. Imani yetu kwako ni kubwa, na kwa imani hiyo tunakuomba, kabla hujaondoka ukumbini, ututajie tarehe na ofisi tutakayofuatilia.

Tunaomba kuwasilisha.