Lile Doa Usilipake Rangi

Kilwa Masoko,
5 Oktoba 2025

Shoga yangu wa moyoni,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, watoto wazima, na kusi limekatika. Joto ndiyo linarudi, nawe huko Mikindani najua unalipata zaidi yangu.

Nimeusoma ujumbe wako wa juzi mara mbili. Umesema dari ya chumba cha marehemu mama imetoa doa la rangi ya chai, na kwamba fundi rangi anakuja wiki ijayo kulifunika. Nakuomba sana umsimamishe. Doa hilo limeachwa na mvua za msimu uliopita, na ndiyo habari pekee uliyo nayo ya mahali maji yanapopita. Ukilipaka rangi sasa, mvua za Desemba zitakukuta hujui lolote.

Unajua baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa kupaua. Nilikuwa namshikia ngazi tangu mdogo, na jambo moja alilolirudia ni kwamba paa huharibika miezi ya jua. Upepo huja kubeba kilichokwisha kulegea. Watu wote huangalia juu siku wingu linapotanda, wakati hapo hakuna fundi atakayekubali kupanda. Huu mwezi ndio wa kuangalia.

Sababu ni joto lenyewe. Bati la mita 6, likipanda nyuzi joto 40 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, hurefuka karibu milimita 3. Usiku linarudi. Kesho tena. Msumari umekaa palepale kwenye mbao huku bati linausukuma na kuuvuta kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka tundu linapanuka na kichwa cha msumari kinainuka. Ile mpira ya chini ya kichwa nayo hukaushwa na jua, ikapasuka na kubomoka. Bati lenyewe bado linang'aa, ukilitazama kutoka barabarani utasema jipya, kumbe maji yameshapata njia.

Kwa hiyo anza ndani, si nje. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mpandishe kijana mwepesi kwenye dari na tochi, akanyage juu ya mbao za kenchi tu, zile fremu zinazobeba paa, asiguse ubao wa dari wala nyaya za umeme. Akifika azime tochi, akae kimya mpaka macho yazoee giza. Matundu yatajionyesha yenyewe, kila moja nukta ya mwanga. Ayazungushie chaki kwenye mbao iliyo karibu. Kisha awashe tochi na atazame mbao zenyewe: mstari mweusi unaoteremka kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati), ukungu mweupe, kutu iliyozunguka msumari kwa chini. Na akumbuke kwamba mara nyingi tundu haliko juu ya doa. Maji yakiingia hufuata papi au kombamoyo, ule mti wa mteremko wa paa, kuteremka, yakadondoka mbali, pengine mita mbili au tatu. Atafute upande wa juu kuelekea kwenye kofia ya paa, pale kileleni. Fundi wengi huziba juu ya doa moja kwa moja, wanapokea hela, na mvua inayofuata doa linarudi palepale.

Akiwa humo aangalie pia njia za udongo za mchwa zinazopanda ukutani kuelekea kenchi, na unga laini wa mbao uliomwagika juu ya dari. Achome mbao kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, hapo msumari hauna kitu cha kushika hata ukiwa mpya. Hili mimi naliogopa kuliko tundu la bati. Tundu linazibwa asubuhi moja, lakini papi iliyooza huondoka na bati zake zote.

Nje sasa. Simama uani, mbali kidogo, utazame mstari wa kofia ya paa. Ukiona umepinda au umebonyea mahali, kuna kenchi imelegea. Halafu tazama pembe na kingo za paa, hasa bati za juu ya baraza. Upepo mkali haulisukumi paa chini kama watu wanavyodhani. Ukipita juu yake hulivuta kwenda juu, na mvuto huo ni mkubwa zaidi kwenye kingo, pembe na kofia. Baraza ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu upepo unaingia chini yake na kusukuma huku ule wa juu unavuta. Midomo ya bati ikiwa imeinuka hata kidogo, au fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, inatikisika ukiisukuma kwa fito, anzia hapo matengenezo kabla ya kitu kingine chochote.

Sikiliza pia. Bati likilia kidogokidogo jioni jua likizama ni kupoa tu, usihangaike. Lakini ukisikia kugongagonga mahali pamoja kila upepo unapovuma, pale kuna msumari umeachia. Andika ni juu ya chumba gani.

Nyumba ya mama iko karibu na bahari, kwa hiyo kutu usiidharau. Mvuke wa chumvi hula ile zinki iliyopakwa juu ya chuma, ukianzia palipokatwa na palipotobolewa. Na kuna jambo linalowapita wengi: bati za upenuni huoza kwa chini mapema kuliko juu, kwa kuwa mvua huosha chumvi ya juu, ya chini haioshwi na chochote. Inamisha kichwa utazame upenu wa upande wa baharini. Unga mweupe ni zinki inayoisha. Wekundu maana yake chuma chenyewe kimeanza. Shika pia mchanga unaotuama kwenye gata na chini ya tangi. Ukiwa na vumbi jekundu, hilo ni bati lako linalomomonyoka. Yale majani ya mwembe yaliyorundikana juu yaondolewe, maana hushika unyevu wiki nzima baada ya mvua. Na yale matairi na mawe mliyoweka kuzuia bati, shoga yangu, yashusheni. Chini yake bati linaoza, na siku ya upepo jiwe likiruka litamkuta mtu.

Ninasisitiza kwa sababu upande wetu huu umeonywa. Wazee wa Lindi wanakitaja kimbunga cha Aprili 1952. Kimbunga Kenneth kilipotua Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, kilikuwa ng'ambo tu ya mpaka kutoka kwenu. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikiwa kimepungua nguvu, na bado mvua zake zilikata barabara ya Dar pale Somanga. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye paa inakuwa mara nne. Msumari unaovumilia upepo wa kawaida wa Januari hauna maana yoyote siku hiyo kama umekwisha kuinuka.

Fundi akija, mwambie asigongelee msumari uleule kwenye tundu lilelile. Utakaa wiki chache, jua litauinua tena. Auchomoe, aweke skrubu nene na ndefu zaidi yenye mpira mpya, juu ya mgongo wa bati na si kwenye bonde ambamo maji hupita. Asikaze mpaka mpira uvimbe pembeni. Lami na silikoni ni za kusogeza siku tu. Akisema bati zibadilishwe, muulize geji, yaani kipimo cha unene: 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28, kwa pwani mimi ningejibana ninunue 28. Muulize pia kama kenchi zimefungwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa ukutani, kwa waya au ukanda wa chuma. Nyumba nyingi za zamani kenchi imekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake, na ufa mwembamba kwenye plasta chini ya kenchi huwa dalili kwamba imeshaanza kucheza.

Lile banda la uani lenye vigae vya kijivu vya zamani, kama ni asbesto, watoto wasipande, na mtu yeyote asivikate, asivitoboe wala kuvisugua. Vumbi lake linaingia mapafuni na halitoki, linaleta saratani. Vikiwa vizima viacheni vilivyo. Vikianza kumong'onyoka waulizeni watu wa mazingira wa halmashauri namna ya kuviondoa. Jiko la makuti halina mambo mengi: ukiona mbingu, ezeka.

Wewe mwenyewe usipande, goti lako nalijua. Piga picha kwa simu: pembe zote nne, kofia, upenu wa baharini, na doa lenyewe ukilizungushia penseli ukingoni na kuandika tarehe. Nitumie kabla hujamlipa fundi hata senti. Akifika, nipigie niongee naye akiwa hapohapo kwenye ngazi. Fundi rangi mwambie aje Juni mwakani, mvua zikishapita na ule mstari wa penseli haujavukwa.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Mama mkubwa mwambie mkeka wake umekwisha, nitaupakia kwenye basi Ijumaa.

Ni mimi shoga yako,
wa Kilwa