Mangi, anza kusajili kutoka nyuma

Moshi, 10 Oktoba 2025

Mangi wangu,

Habari za Mwanza? Huku tu wazima, baridi imekwisha na vumbi la soko la Memorial limerudi kwenye mitumba yetu. Mama yako nilimpitia Jumapili, yuko vizuri, anauliza Krismasi unapanda lini.

Nimesoma ujumbe wako kwamba umeshuka hadi nafasi ya tisa kwenye ligi yetu ya fantasi, ule mchezo wa mtandaoni wa kununua wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya England kwa milioni 100 na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani, na unataka kuiacha timu ijiendee. Usiiache. Nimekaa na kikosi chako jana usiku, na ugonjwa wake naujua kwa sababu nimeuugua.

Mimi nilianza na Salah wa milioni 14.5 na Haaland wa 14.0. Wawili tu wakala 28.5 katika zile milioni 100, nikabaki na 71.5 za watu 13. Nyuma nikajaza mabeki wa bei ya chini, wengine hata namba hawana. Halafu kila wiki nikawa namkimbilia aliyefunga wiki iliyopita, na kila usajili wa ziada unakatwa pointi 4. Kuna wiki nilikatwa 8, na wale wawili niliowaleta wakanipa 5. Nilikuwa mezani pangu, suruali ya mteja mkononi, nikashindwa hata kumtajia bei. Iliniuma sana.

Kilichonigeuza ni sheria mpya ya msimu huu. Beki akifikisha vitendo 10 vya kuzuia katika mechi moja, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira, anapewa pointi 2 hata kama timu imefungwa. Kiungo na mshambuliaji wanatakiwa kufikisha 12, ila wao wanahesabiwa pia mipira iliyopotea wanayoiokota. Sasa fikiria beki wa kati wa timu ndogo, anashambuliwa dakika 90, kazi yake ni kupiga vichwa tu. Zamani nisingemtazama. Leo ana 2 za kucheza, 2 za kuzuia, na wakitoka na klinshiti, yaani bila kufungwa bao, anaongeza 4. Zote hizo kwa milioni 4.5! Mabeki wa pembeni unaowapenda wewe, wale wanaopanda, ni wazuri, lakini wengi hawafikishi hizo 10.

Kwa hiyo Salah nimemuuza. Nimetoka 3-4-3, sasa nacheza na mabeki wanne, wiki nyingine watano. Haaland nimembakiza, maana nahodha pointi zake zinazidishwa mara mbili na sijaona wa kumpokonya kitambaa.

Salah mwenyewe Desemba anakwenda Morocco na Misri kwenye AFCON (na Taifa Stars wetu wapo huko, Mungu awabariki). Wiki ya 16 kila mmoja anajaziwa usajili hadi 5 wa bure kwa ajili hiyo, basi usihangaike na pengo lake mapema.

Wewe waildikadi, ile kadi ya kubadilisha timu nzima bila kukatwa pointi, bado unayo. Ya kwanza isipotumika kabla ya wiki ya 19 kufungwa inapotea, na wiki hii hakuna ligi. Ivunje timu yote, anza na mabeki wa kati watatu wanaocheza kila mechi, washambuliaji waje mwisho.

Dirisha la usajili wa wiki linafungwa Jumamosi ijayo, tarehe 18, saa saba mchana kwa saa zetu. Nitumie kikosi Ijumaa usiku nikishafunga meza, tukipitie jina kwa jina.

Nisalimie shemeji na mtoto.

Ndugu yako wa Majengo