Barua kwa vijana wangu wa safari ya Dar: mtoto akilala garini, haachwi garini

Wanangu wa Chumbageni, Makorora na nyie wa Mabawa mliochanga hela ya Coaster, hamjambo? Mi sijambo ila nina kinyongo, na kinyongo nikikilaza naamka nacho, kwa hiyo bora nikitoe hapa mkisome wote. Siku ile garini sikusema kitu, nilinyamaza tukirudi kutoka Msata mpaka Segera mkadhani bibi kalala.

Sikulala.

Tuanze na hesabu kwanza. Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350. Watu wanatutania Tanga waja leo waondoka leo, basi nyie mmelichukua kama lilivyo, mnataka kwenda leo na kurudi leo na watoto wa miaka miwili, tena Januari, kaskazi limeshika mji hata paka analala chini ya mtungi. Tumetoka saa tisa usiku, tumefika kwenye mabwawa ya kuogelea saa nne na nusu, yaani mtoto kashakaa garini saa saba na nusu hajaona hata tone la hayo maji aliyoahidiwa, halafu anashushwa pale pale jua linapoanza kukaza. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni ndiyo jua baya, na nyie ndiyo saa mlizolipia tiketi.

Sasa lile lenyewe. Mnalijua wote ila kila ninayemuuliza ananiambia alikuwa upande wa mabembea.

Mtoto wetu Babuu alilala siti ya nyuma. Gari limeegeshwa kwenye changarawe, hapana mwarobaini, hapana mkungu, ni jua tu. Mtu akasema, na sauti naijua, "amelala jamani, muacheni apumzike, dereva si yupo." Dereva naye binadamu, kaendesha usiku kucha, kaenda kutafuta chai. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya mabegi. Dirisha moja limeachwa wazi upana wa vidole viwili, na hilo ndilo mama yake alilonishikia bango baadaye, eti hewa ilikuwa inaingia. Mi nilirudi kufuata kanga yangu tu. Ningekuwa nimeikumbuka kanga mapema, leo tungekuwa tunaandikiana barua nyingine.

Mtoto kavaa suti ya vipande vitatu. Kizibao cha satini, tai ya kipepeo, soksi mpaka magotini. Nywele zimelowa zimegandana kwenye paji, midomo imekauka mpaka imeweka ukoko mweupe pembeni, analia kwa sauti ya kukwaruza lakini machozi hamna. Tumbo lake ukiligusa kama umegusa sufuria. Kile chuma cha mkanda wa kiti kiliniunguza kidole, na mkanda huo ulikuwa umempitia pajani.

Na hakukaa muda mrefu, dakika ishirini hazikufika! Ndiyo nataka mnielewe hapo. Gari lililofungwa juani linapanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, na nje kwenyewe ilishafika 32. Mwili wa mtoto mdogo unapata moto mara tatu mpaka tano haraka kuliko wa kwako wewe mtu mzima, na ukipita nyuzi 40 akili inaanza kuondoka. Vidole viwili vya dirisha havisaidii kitu. Nimekaa kliniki ya watoto miaka mingi, nimepima utosi za watoto wenu na nyie wenyewe wengine nimewachanja, nisikilizeni.

Kilichoniudhi zaidi ni kelele zilizofuata. Mmoja anakuja mbio na chupa ya panadol ya maji. Mwingine anasema degedege, mfunikeni kitenge. Jamani! Joto la jua si homa, panadol haina kazi pale, na ukimfunika unamalizia kumpika. Anavuliwa nguo zote, anapelekwa kivulini, anamwagiwa na kupanguswa maji mwili mzima, anapepewa, na huku mtu anatafuta gari la kumpeleka kwa wataalamu. Akiwa anajitambua na anaweza kumeza, anapewa maji kwa kijiko, kidogo kidogo. Akiwa kalegea hajitambui, usimtie kitu mdomoni. Nashukuru zahanati haikuwa mbali, wakamtundikia dripu, saa tisa akaomba ndizi. Ile ndizi mi niliiangalia anavyoimenya nikalia, na mlinicheka.

Ila ile suti. Hebu niambieni ile suti ilikuwa ya nani. Mtoto wa miaka miwili hajui kizibao, anajua maji na mchanga. Wasichana nao magauni ya nailoni yenye sketi tatu ndani, na taitsi, na wigi, wigi jamani kwa mtoto asiyejua hata kusema "bibi" vizuri, na sare hiyo mmeichangia hela kuliko mlivyochangia maji ya kunywa. Nimewaona mmewapanga mstari juani robo saa nzima, "tabasamu, angalia huku, rudia hiyo haijatoka," mtoto anafumba macho kwa mwanga nyie mnasema ana kisirani. Picha zilikuwa stetasi kabla hatujafika Bagamoyo. Sisi tulikulia kwenye kipande cha kanga iliyofuliwa mpaka ikawa laini, na joto la Tanga ni hili hili. Pamba nyepesi, pana, kofia yenye ukingo, basi. Pampasi nayo mvue apate hewa, na mwangalie: mtoto akikaa saa sita bila kukojoa hayuko sawa, hata kama anacheza.

Mengine nayataja tu maana nimechoka.

Maji kila baada ya robo saa, asisubiri kuomba. Soda si maji. Dafu zuri sana. ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, beba pakiti mbili, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, usikadirie kwa macho. Aliye chini ya miezi sita ni ziwa tu, mara nyingi zaidi, wala usimpe maji. Pilau lililofungwa kwenye hotpoti saa nane usiku haliliwi saa nane mchana, bebeni ndizi, mkate, viazi vya kuchemsha. Yale mabomba marefu ya kuteleza yana kijiti cha kupimia urefu, wa miaka miwili hafiki, ulizeni kabla msije mkamliza mtoto getini. Maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu yanaweza kumuua, na hapigi kelele, anazama kimya. Maboya ya mikononi si mlezi. Namba ya simu iandikwe mkononi kwa kalamu.

Na akina baba. Mlichanga, nashukuru, halafu mkakaa kivulini na simu zenu mnabishana mpira kama vile kuchanga ndiyo kulea. Watu wazima tulikuwa kumi na tisa, watoto kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyehesabu vichwa tulipotoka kwenye gari. Zamani mtoto wa mtaa alikuwa wa wote, kweli, lakini alikuwa na mtu wake anayejulikana siku hiyo, "leo Babuu yuko kwa fulani." Siku hizi akiwa wa wote anakuwa wa hakuna.

Sisemi kosa lote lenu. Mpwa wangu yuko Marekani, aliwahi kupeleka wanawe Walt Disney World kule Orlando, ananiambia aliye chini ya miaka 3 anaingia bila tiketi, na ndani kuna vyumba maalumu vya kunyonyesha, kubadilisha nepi na kumlisha mtoto umekaa kitako. Huku kwetu sehemu nyingi za michezo wanakata miti kwanza ndiyo wanamwaga zege, ukiuliza pa kunyonyeshea unaonyeshwa chooni.

Nasikia mnapanga tena, safari ya Idi. Sikatazi. Lakini tukalale Dar kwa ndugu usiku mmoja, tuingie geti likifunguliwa, saa tano tutoke, watoto walale ndani penye feni, tukirudi iwe saa kumi. Au subirini Juni, kusi likivuma. Au twende zetu Raskazone, ufukweni hapa hapa Tanga, jioni maji yakiwa yamejaa, haina hata nauli ya maana.

Daftari la majina nitalishika mimi. Na mama Babuu, kizibao usikitafute, kiko kwangu kwenye sanduku.